Nilirudisha bakuli la jirani na elfu tano ndani yake

#1 Mpangaji wa Nyegezi

Wakuu, salaam.

Naomba mnisikilize kwanza, mtanicheka baadaye. Mimi nina shahada ya sosholojia. Sisemi kwa kujigamba. Nasema kwa sababu ndiyo inayoifanya aibu hii iwe nzito: yaliyonikuta niliyasoma, nikayafanyia mtihani, nikafaulu.

Nimehamia Nyegezi miezi saba sasa. Nyumba ya vyumba sita, ua mmoja, bomba moja, kamba moja ya kuanikia. Chumba cha pili anakaa mama mmoja mtu mzima na mjukuu wake wa kike, wa kama miaka tisa. Mama anapika vitumbua alfajiri, anauza kituoni. Wiki yangu ya kwanza, jioni, mjukuu akabisha hodi. Mkononi bakuli jeupe la bati lenye ukingo wa bluu, limefunikwa kwa sahani. "Bibi amesema karibu Mwanza." Ndani mchuzi wa sato, na kichwa kizima.

Nikala. Kile kichwa nilikichokoa mpaka mifupa ya mashavu. Kisha nikafanya jambo ambalo wakati ule niliona ni la kiungwana kabisa: nikaosha bakuli, nikalikausha, nikakunja noti ya 5,000, nikaiweka ndani, nikampa mtoto arudishe. Saa moja ilikuwa haijapita.

Asubuhi yake nikamwamkia. "Marahaba," basi. Hakuna "umeamkaje," hakuna kuinua macho kutoka kwenye karai. Nikadhani ana haraka. Jioni nikaikuta noti yangu sakafuni, imesukumwa chini ya mlango, imekunjwa vilevile nilivyoikunja. Tangu siku hiyo naitikiwa shikamoo kama konda anavyomwitikia abiria mwenye noti ya elfu kumi saa kumi na mbili asubuhi.

Sasa nieleze kosa langu kwa jinsi ninavyolielewa, mnisahihishe.

Mwaka 1925 Mfaransa mmoja, Marcel Mauss, mpwa wa mwanasosholojia Émile Durkheim, alitoa insha ndefu kuhusu zawadi. Alikusanya habari za Wamaori wa New Zealand, za visiwa vya Melanesia, za wenyeji wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika, akauliza: kwa nini anayepokea zawadi hujiona lazima arudishe? Akaona wajibu uko mara tatu. Kutoa ni wajibu, kupokea ni wajibu, kurudisha ni wajibu. Bibi zetu hawakumsubiri. Mla cha mwenzio na chako huliwa. Na mama yangu alinifundisha chombo cha watu hakirudi kitupu. Ndiyo maana mimi sikukirudisha kitupu! Nilidhani nimemaliza somo.

Kilichonikamata ni nyongeza ya Mfaransa mwingine, Pierre Bourdieu, aliyekaa na Wakabyle wa Algeria. Yeye anasema kinachoifanya zawadi iwe zawadi ni muda. Ukirudisha papo hapo, umeikataa. Ukirudisha kitu kilekile, umeikataa pia. Lazima siku zipite katikati, na kinachorudi kiwe tofauti na kilichokuja, ili wote wawili muweze kujifanya hamhesabu. Mimi nilirudisha kabla mchuzi haujashuka tumboni, tena pesa. Nilimlipa. Mtu aliyenikaribisha nilimgeuza mama ntilie. Na yeye anauza vitumbua kila siku, anajua vizuri bei ni nini na zawadi ni nini. Ningemfanyia hivyo mtu asiyejua biashara labda asingeumia.

Nikakumbuka zoezi tulilopewa chuoni. Mmarekani Harold Garfinkel, katika kazi yake ya mwaka 1967, alieleza jinsi alivyowatuma wanafunzi wake wakavunje makusudi mambo madogo ya kila siku ili waone yanashikiliwa na nini. Mtu akikuuliza unaendeleaje, umuulize: kwa upande gani, afya au fedha? Wengine aliwatuma wakaishi nyumbani kwa wazazi wao kama wapangaji, wanaomba ruhusa kufungua friji. Familia zilichanganyikiwa, nyingine zikakasirika kwelikweli.

Mwalimu wetu akasema nasi tukajaribu. Mimi nilipanda daladala Igoma kwenda mjini, mama mmoja pembeni yangu akaniuliza, "Habari za kwenu?" Nikamjibu kwa ukweli. Nikamwambia paa linavuja upande wa jikoni, baba mdogo anadaiwa na watu wa mkopo, na mimi mwenyewe nina vipele mgongoni. Nilisema kwa upole tu. Yule mama alinyamaza, akahamisha pochi yake kutoka paja la upande wangu kwenda paja la upande wa dirisha. Mpaka Mabatini hakunitazama tena. Nilipata A kwa kuandika hilo.

Kwa hiyo habari si swali, na nzuri si jibu. Hilo nilijua. Hata "karibu" ya chakula nilikuwa nimeipigia mahesabu. Ukikaa kwa mama lishe pale Makoroboi, mtu usiyemjua akiletewa sahani anakutazama anasema "karibu," nawe unasema "asante, endelea." Hakuna aliyedanganywa. Mimi nadhani karibu ile haigawi chakula. Inaomba kibali cha kula mbele ya mtu asiyekula. Unampa mwenzako nafasi ya kukuruhusu, ndipo unamega tonge. Ndiyo maana mtu akila bila kukaribisha tunamwona mchoyo ingawa tulikuwa hatuna mpango wa kula chake.

Haya yote kichwani, halafu elfu tano kwenye bakuli.

Swali langu ni dogo: narekebishaje? Miezi saba ni mingi. Nimefikiria kilo mbili za sukari.

#2 Kigugumizi

Elfu tano kwa kichwa cha sato cha Nyegezi? Mkuu, hata bei umekosea.

#3 Mtoto wa Mabatini

Sukari usipeleke. Sukari sasa hivi itakuwa faini, na yeye hajakushtaki popote. Utakuwa umelipa mara ya pili.

Mimi nimekulia nyumba za kupanga za vyumba kumi. Bakuli lilikuwa na njia zake. Kwa fulani linakwenda na dagaa linarudi na limao. Kwa fulani linakwenda na michembe, viazi vilivyokaushwa, linarudi baada ya wiki mbili na kipande cha nyama ya sikukuu. Kuna nyumba moja bakuli lilikuwa linakwenda haliji kabisa, mpaka mama anakwenda kulifuata, na hapo ndipo wanakaa wanaongea hadi jua linazama. Sasa hivi nafikiri yule jirani alikuwa analishikilia kusudi. Alikuwa mjane, hana wa kuongea naye.

#4 Dada wa Igoma

Nimesoma mpaka mwisho. Kaka Mpangaji, umewaita Mauss, Bourdieu na Garfinkel, wanaume watatu, kuja kukueleza bakuli. Hakuna mahali umeuliza nani alipika.

Sato ana kichwa kimoja. Nyumba ile wako wawili, bibi na mjukuu. Kichwa kilipokuja kwako, jioni ile kuna mtu alikula mkia. Umewahi kufikiria hilo? Wewe unawaza ulivunja kanuni. Mimi nawaza mtoto wa miaka tisa alikibeba kile kichwa, akajua kinakwenda wapi, akarudi na pesa.

Maana hizi tabia ndogondogo mnazozichambua ni kazi, na kazi ina mwenyewe. Mwaka 1987 mwanaanthropolojia Micaela di Leonardo aliandika kuhusu familia za Wamarekani wenye asili ya Italia huko California. Akaona kuna kazi ambayo hakuna anayeiita kazi: kukumbuka siku za watu, kupiga simu, kuandika kadi, kupanga chakula cha sikukuu, kujua nani amenuna na nani. Akaiita kazi ya udugu. Na karibu yote ilifanywa na wanawake, hata kwa ndugu wa upande wa mume. Mke akifa au wakiachana, mume anajikuta hana ndugu, anashangaa wamekwenda wapi.

Nijihesabie mwezi uliopita. Nimepika uji mara nne kupeleka hospitali ya Bugando kwa mgonjwa ambaye ni shangazi wa mume wangu. Nimelala msibani usiku mbili. Nimekwenda kumwona mzazi, nimebeba khanga na sabuni. Nimemkumbusha mume wangu ampigie mama yake simu, kisha mama yake akanisifu kwamba nimezaliwa na mwana mwenye adabu, hapana, nisamehe, kwamba *yeye* amezaa mwana mwenye adabu. Nimechanganya kwa hasira.

Nenda nyumba wanazopanga vijana wa kiume watupu. Kaa mwezi mzima. Ukiona bakuli linatoka chumba kimoja kwenda kingine uje uniambie.

#5 Mpangaji wa Nyegezi

Dada, hilo la mkia sikuliwaza. Nimelisoma nimeweka simu chini kwanza.

Na ni kweli, nilipokuwa kwa wazazi bakuli nililiona likitoka na kurudi lakini sikujua ni nani aliyekuwa anakumbuka zamu. Nilikuwa yule anayetumwa mlangoni. Nilijua njia ya bakuli, kalenda yake sikuijua.

#6 Mchuuzi wa Mwaloni

Niingie kwa upande wa kazi yangu, maana naona mnaongelea deni bila kulitaja.

Mimi niko mwaloni Kirumba, dagaa. Sisi wadogo hatuna mtaji wa kununua magunia kwa fedha mkononi kila safari. Tunachukua mali kauli. Unapewa mzigo kwa neno lako, unauza, unarudi kulipa. Hakuna karatasi ya benki, hakuna hati ya nyumba. Kuna daftari la tajiri na kuna uso wako. Nimechukua mali kauli kwa tajiri mmoja wa visiwani miaka sita.

Mwaka juzi kikoba chetu kiligawana, nikapata hela nzuri. Nikaona niwe mtu safi. Nikaenda nikamlipa tajiri deni lote, mpaka shilingi ya mwisho, nikamwambia chora mstari. Badala ya kufurahi akanitazama akasema, "Nimekukosea nini?"

Sikumwelewa siku ile. Baadaye nikaelewa. Kwake yeye anayemaliza deni lote kwa mkupuo anaaga. Amepata tajiri mwingine, au anahama, au ana kinyongo. Mzigo uliofuata alinipa kwa shida, akaniuliza maswali ambayo hakuwahi kuniuliza tangu tujuane. Siku hizi nalipa vizuri, kwa wakati, ila nabakiza kidogo. Yeye anajua nina uwezo wa kukimalizia. Mimi najua anajua. Kile kidogo ndicho kinachonirudisha kwake wiki ijayo bila kuhitaji sababu.

Wewe ulifuta deni la kichwa cha samaki ndani ya saa moja. Yule mama alikuwa amekufungulia daftari, wewe ukachora mstari.

Tena deni letu linafuata mwezi wa mbinguni. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, wanataka giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inakaa juu, na hapo mwalo mzima hauna hela. Ukimdai mtu kwenye mbalamwezi watu wanakuona huna akili, hata kama tarehe imefika. Hakuna aliyeandika sheria hiyo mahali popote, lakini jaribu uivunje.

Nikiwa hapo hapo niseme kuhusu nyongeza. Mteja wa sado moja nikishampimia, lazima nitie kiganja kimoja juu. Nisipotia anaondoka na maneno, ingawa sado imejaa. Kiganja kile ni cha mapenzi. Lakini kuna nyongeza nyingine inaitwa lumbesa. Gunia la mkulima linashonewa kilemba juu mpaka linakuwa gunia na nusu, analipwa gunia moja. Sheria imekataza, bado utaliona. Kwa macho zote mbili ni kujaza kupita kipimo. Angalia tu nani anaamua kujaza. Mimi ndiye ninayetia kiganja changu. Mkulima hashoni lumbesa kwa mapenzi yake.

#7 Hesabu Kali

Mnapamba umaskini. Bakuli, mali kauli, kikoba, rambirambi, vyote ni bima ya mtu asiye na bima. Leo watu wakiwa na kipato cha uhakika na matibabu ya uhakika, hakuna atakayepeleka mchuzi mlango wa pili. Pandeni Capri Point kwa wenye nazo mkahesabu mabakuli yanayovuka ukuta.

#8 Dada wa Igoma

Capri Point bakuli halivuki ukuta kwa sababu ni dogo. Kinachovuka ni kadi ya mchango wa harusi. Kaa kwenye kamati ya harusi ya wenye nazo uone ahadi inavyosomwa kwa sauti, na aliyeahidi pungufu anavyotafuta simu yake chini ya meza. Wana bima na bado wanahesabiana. Kilichobadilika ni chombo.

#9 Abiria wa Sengerema

Hesabu Kali ana nusu ya ukweli na mimi nina ushahidi wa nusu hiyo: pantoni.

Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, ukitoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita lazima ushuke Kigongo usubiri. Siku mbaya unasubiri saa kadhaa. Nimeona mgonjwa ndani ya gari anasubiri. Nimeona nyanya zinaharibika kwenye lori. Kwa hiyo asije mtu kuniambia pantoni lilikuwa zuri. Daraja lina kama kilomita 3 juu ya ghuba, gari linavuka dakika chache, Mungu awabariki waliolijenga, sitaki kurudi nyuma.

Lakini foleni ya Kigongo ilikuwa na mambo yake. Mkuu wa idara na muuza mahindi walisimama jua moja, kwa sababu maji hayakujali cheo. Mtu ananunua karanga anakupa nusu. Unamshikia mwanamke mtoto wakati anakwenda msalani, humjui, hakujui, na anarudi anamkuta mtoto wake. Hiyo nayo ni tabia, na ilikuwa na kanuni zake: hukuuliza jina mpaka mmefika katikati ya maji.

Kazi ninayofanya sasa Geita niliipata pale. Mzee mmoja tulisimama naye kwenye foleni mara tatu au nne kwa mwaka mzima, tunaongea mpira tu. Siku moja akaniambia mahali fulani wanatafuta mtu wa stoo. Ndugu zangu wa damu walikuwa wananitafutia kazi miaka miwili, lakini ndugu zangu wanajua watu walewale ninaowajua mimi. Mark Granovetter, Mmarekani, aliandika jambo hili mwaka 1973. Katika watu aliowahoji waliopata kazi kupitia mtu, ni asilimia 16.7 tu waliokuwa wanaonana na mtu huyo mara kwa mara. Wengi waliipata kwa mtu wa kuonana naye mara mojamoja. Nilipokutana na maandishi hayo nilicheka peke yangu. Nilimwona yule mzee na kofia yake ya pama.

Sasa navuka darajani na kioo kimefungwa, kiyoyozi kinapuliza. Sijawahi kumwona tena. Namba yake sikuchukua, kwa sababu nilijua tutaonana Kigongo.

#10 Kigugumizi

Hii ya kofia ya pama imenigusa, nilikuja kutania tu.

#11 Mweka Hazina wa Mtaa

Mimi ndiye ninayekaa na kaunta buku la msiba mtaani kwetu, upande wa Buhongwa. Mwaka wa tisa. Kalamu nimeifunga kwa uzi, maana zinapotea.

Mchuuzi amesema deni lina uso, na mimi nataka kusema daftari langu lina kurasa mbili ingawa mnaona moja. Ukurasa wa wazi ni jina na kiasi. Unasomwa mbele ya watu, familia inakabidhiwa, wanautunza; ukifiwa wewe watafungua waone ulitoa nini kwao. Nimeona familia imefungua daftari la miaka kumi na mbili nyuma, la marehemu baba yao, kutafuta jina moja.

Ukurasa wa pili haujaandikwa. Ni nani alikuja, saa ngapi, alikaa au alisimama, alibeba kiti, alichimba, mkewe alipika au alikuja amevaa. Kuna mkazi wetu mmoja mwenye uwezo, kila msiba anatuma kwa simu, na anatuma kuliko wote. Haji. Nikisoma jina lake watu wanaguna kidogo. Alipofiwa na mzazi wake michango ilikuja, tena mizuri, yote kwa simu. Turubai lilikuwa na viti mia na watu thelathini. Hakuna kikao kilichokaa kuamua hivyo, naapa. Kila mtu kwa wakati wake alitafuta simu yake.

Watani ndio wanaotuokoa. Yule bwana siku ile aliokolewa na watani wa kabila lake, wakaingia wanadai faini, wanalala kwenye mkeka wa wafiwa, wanamwigiza marehemu alivyokuwa anakohoa. Watu wakacheka, watu wakasogea. Wataalamu wanasema utani kama wa Wanyamwezi na Wazaramo ulikua kwenye njia za misafara ya zamani, wageni wakihitaji namna ya kupita nchi ya watu bila vita. Mimi naona msiba nao ni nchi ya watu. Mtani anayo ruhusa ya kusema lile ambalo sisi jirani tumelimeza.

Kwa hiyo Mpangaji, hiyo 5,000 yako iliandikwa ukurasa wa kwanza. Mama alikuwa anasoma wa pili.

#12 Mzee wa Magu

Mwangaluka, wanangu. Kama ni jioni huko mliko, mwadila.

Nimesomewa huu uzi na mjukuu wangu. Ninyi vijana mnajua kueleza sana. Huyu kijana anayeuliza hajajibiwa bado.

Kwetu Usukumani salamu ilikuwa safari. Unaanza na mtu mwenyewe, unakwenda kwa watoto, kwa wazee wa nyumbani, ng'ombe, mvua, ndipo unafika kwa lililokuleta. Aliyekuja na jambo la moto alilazimika kupita njia yote hiyo, na akifika mwisho jambo limepoa. Siku hizi mnasema "mambo," mnajibiwa "poa," mmefika.

Ng'wanawane, mwanangu, sikiliza. Ulimfanya yule mama akawa mtu wa kupewa, wewe ukawa mtu wa kutoa, na wewe ni mdogo kwake. Ukimpelekea sukari, unaendelea palepale. Wewe nenda ukaombe. Omba kitu kidogo ambacho kila nyumba inacho. Chumvi. Nenda jioni wakati chungu kiko motoni, piga hodi, chutama, mwamkie, kisha sema mayu, nimeishiwa chumvi. Usibebe kitu mkononi.

Wabeja.

#13 Hesabu Kali

Mzee, hapo nimekubali. Shikamoo.

#14 Mpangaji wa Nyegezi

Wakuu, marejesho.

Jana saa moja jioni nilikwenda. Chumvi ninayo, pakiti nzima, niliificha nyuma ya jaba la maji kama mwizi, sijui kwa nini, nani angeingia kukagua. Nikapiga hodi. Nikachutama kama mzee alivyosema, magoti yakalia. "Shikamoo mama." "Marahaba." Nikauliza habari za mjukuu, za shule, za biashara, mgongo wake maana nilisikia ulikuwa unauma. Alikuwa anasonga ugali wa muhogo, hakuacha kusonga. Nikafika mwisho wa njia. Nikasema, "Mama, nimeishiwa chumvi."

Mwiko ukasimama. Akanitazama, mara ya kwanza kwa miezi saba.

"Una elfu tano, huna chumvi?"

Sikuwa na jibu la sosholojia wala la aina yoyote. Mjukuu ndiye aliyeanza kucheka, akaziba mdomo kwa kanga ya bibi yake. Kisha bibi naye mabega yakaanza kutikisika. Hakusema amenisamehe, wala hatukuitaja noti tena. Alinisema dakika kumi nzima kuhusu taa ya uani ninayoiacha ikiwaka mchana na luku ya watu inakwenda bure. Inaonekana hayo maneno yalikuwa yamepangwa siku nyingi yanasubiri mlango.

Chumvi alinipa. Vijiko kama viwili. Aliitia kwenye lile bakuli jeupe lenye ukingo wa bluu, bakuli la kuchukua mchuzi wa watu wawili, chumvi ikawa doa dogo katikati.

Liko mezani kwangu sasa hivi. Dada wa Igoma, Jumapili nakwenda Kirumba mwenyewe kununua sato, napika mwenyewe, na kichwa najua kinakwenda wapi.

#15 Mtoto wa Mabatini

Usirudishe Jumapili hii. Iache ipite, rudisha ya pili.

#16 Mpangaji wa Nyegezi

Sawa mkuu, ya pili. Ila mjukuu amepita mlangoni mara mbili leo, anachungulia kuona kama bakuli bado lipo. Nimelisogeza karibu na dirisha.